Mbwa Aliyehamia kwa Jirani

Kila asubuhi chuki yangu ilibidi ianze na shikamoo. Huku Dongobesh ndivyo ilivyo: hata mtu awe amekuudhi namna gani, kama amekuzidi umri unatoa shikamoo yako na kusubiri marahaba. Basi nilikuwa nasimama kwenye uzio wa minyaa unaotenganisha kiwanja changu na cha jirani, natoa shikamoo, naye anaitikia kwa sauti yake nene, "Marahaba, mwanangu, umeamkaje?" Mbwa wangu wakati huo amelala miguuni pake, kidevu juu ya kiatu chake cha mpira, wala hajisumbui kuinua kichwa.

Ninasema mbwa wangu kwa sababu nilimwokota mimi. Nilipoajiriwa kuwa afisa mifugo wa kata, nililetwa huku kutoka Morogoro, mume wangu akabaki kule anakofundisha, na mimi nikapanga nyumba ya vyumba viwili ambayo upepo wa baridi uliingia bila hodi. Sikumjua mtu. Siku moja nikitoka kukagua josho la kuogeshea ng'ombe nilimkuta kwenye majani, kitoto cha mbwa chenye kidonda mgongoni kilichojaa funza. Nilimtoa funza mmoja mmoja kwa kibano, nikamlaza jikoni ndani ya boksi la dawa, nikawa nampikia wali na dagaa kama mgeni wa heshima. Alipokua kidogo alikuwa akiisikia pikipiki yangu tangu ikiwa mbali, anatoka mbio kunipokea barabarani. Kwa mtu aliyekuwa akila peke yake kila jioni, hilo halikuwa jambo dogo.

Halafu akahamia kwa jirani. Hakuhama kwa siku moja. Kazi yangu ni ya kuzunguka vijijini, natoka asubuhi narudi jua limezama, na jirani yuko nyumbani kutwa. Ni mjane. Alizaliwa kwa wafugaji wa Balangdalalu, upande wa Hanang, akaolewa huku, na watoto wake wote wametawanyika Arusha na Babati. Ana shamba la mahindi na maharage, ana ng'ombe wachache. Alikuwa akikwangua ukoko wa ugali, anauloweka kwenye maziwa ya mgando, anamwekea mbwa wangu kwenye kigae. Ukoko! Mimi nilikuwa nampa wali.

Nilijaribu kushindana. Nilinunua utumbo kwa mchinjaji nikauchemsha mpaka nyumba nzima ikanuka. Nilimletea mkanda mzuri wa ngozi kutoka Babati, akauvaa vizuri tu, akaenda nao kwa jirani. Nikamfunga mnyororo. Niliporudi nikakuta mnyororo uko chini na jirani ananiambia kwa upole unaokera, "Mwanangu, alikuwa analia, nikamfungua." Kilichoniuma zaidi ni kwamba kwake mbwa alikuwa na kazi. Asubuhi alitoka na ng'ombe wake, jioni akarudi nao, na usiku alilala mlangoni mwa zizi akibwekea fisi. Kwangu alikuwa anakuja kusalimia.

Ulikuwa wivu, wala sitautafutia jina jingine. Dada yangu nilipomsimulia kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. "Wenzako wakipelekwa mbali wanalinda waume," alisema, "wewe unalinda mbwa." Nilimkatia simu. Lakini usiku nikimsikia yule mbwa akibweka upande wa pili wa minyaa, nilikuwa nageukia ukutani na kujifunika shuka kichwa.

Mvua za masika zilipokaribia kuisha, kupe walikuwa wengi kuliko kawaida. Nilikuwa nimekwenda vijiji vya mbali kuchanja kondoo, na huko nililala. Siku niliyorudi nilisimamisha pikipiki uzioni, nikatoa shikamoo yangu, nikaona kidevu hakipo juu ya kiatu. Mbwa alikuwa amejilaza kwenye mlango wa jiko la jirani, ubavu unapanda na kushuka haraka haraka. Niliruka uzio. Nilipomfunua mdomo, fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi. Tumbo lilikuwa la moto. Alijikokota hatua chache akakojoa, na mkojo ulikuwa wa rangi ya chai iliyokolea. Ng'ombe akikojoa hivyo kila mfugaji wa huku anajua kuna kitu kinakula damu, na mbwa naye ni vivyo hivyo. Katikati ya vidole vya miguu yake nilikuta kupe walioshiba, wanene.

Nilipopeleka mkono shingoni kupapasa tezi, vidole vyangu viligusa kitu kilichokakamaa. Nikapanua manyoya. Palikuwa na alama mbili za kuungua, moja kila upande chini ya taya, duara, mbichi, zimepakwa majivu.

Wafugaji wa huku ndama akivimba tezi kwa homa ya ndigana huzichoma kwa chuma cha moto, wakiamini ugonjwa unafia hapo hapo. Nimelikemea jambo hilo kwenye kila mkutano niliopewa nafasi ya kusema. Lakini si ukatili ulionipandisha damu siku ile. Mtu hachomi ndama wa mwenzake. Anachoma wa kwake, au aliyekabidhiwa, yule ambaye akifa yeye ndiye atakayeulizwa. Nilizitazama zile alama mbili nikaona kama mtu ameandika jina lake kwenye mbwa wangu.

"Bibi," nilisema, "nani amemchoma mbwa wangu?"

"Mimi." Hakuficha. Alikuwa amesimama na ungo wa maharage mkononi. "Tezi zilivimba, mwanangu. Nisingemchoma angekufa wewe hujarudi."

Wewe hujarudi. Maneno hayo yalinichoma mimi sasa.

"Na dawa je? Kuna dawa yoyote umempa?"

Alishusha ungo chini taratibu, akaanza kuchambua maharage ambayo nilikuwa naona yameshachambuliwa. "Dawa hapana. Nilimpa maziwa, akakataa."

Nilitaka kumbeba nimpeleke kwangu, mlango nifunge, nimtibu peke yangu. Nilipomwekea mikono chini ya kifua alinguruma. Mbwa niliyemtoa funza kwa kibano alinionyesha meno, na jirani akaona. Nikaondoa mikono.

Nilihitaji tone la damu. Dalili zile zinaweza kuwa za magonjwa zaidi ya moja, na dawa ninayoifikiria, ile ya unga wa njano tunayoitumia kwa nagana, homa ya mbung'o ya ng'ombe, haina mchezo kwa mbwa. Kipimo kikizidi kidogo inapanda kichwani. Mbwa anayumba, shingo inakakamaa, na hapo hakuna cha kumrudisha. Kwa hiyo ilibidi kwanza nijue ni nini, halafu nijue uzito wake, ndipo nichome sindano. Na mbwa alikuwa hataki niguse hata mkia.

Basi nikamwomba. Nilisema, "Bibi, naomba unishikie," na kila neno lilitoka kwa shida. Aliketi chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha, akakipakata kichwa cha mbwa na kukifunika kwa upande wa shuka lake. Akaanza kumwambia maneno ya kilugha chake, ya chini chini, wala sikujua yana maana gani. Mbwa akafumba macho. Nilitoboa ukingo wa sikio, nikaikinga damu kwenye kioo chembamba cha hadubini, nikaisambaza kwa kioo cha pili iwe nyembamba, nikaipepea ikauke, nikaidondoshea spiriti yake. Mikono yangu ilifanya kazi vizuri. Moyoni nilikuwa najiuliza amemwimbia hivyo mara ngapi mimi nikiwa sipo.

Kioo nilikiweka ndani ya kisahani cha sabuni chenye mfuniko, nikamkabidhi kondakta wa basi la asubuhi la Haydom. Basi hilo hujaa wagonjwa wanaokwenda hospitali na watu wanaokwenda kuwaona wagonjwa wao, na katikati yao siku ile ilisafiri damu ya mbwa. Kule Haydom mtu niliyesoma naye chuo ana duka la dawa za mifugo lenye hadubini kwenye chumba cha nyuma. Aliahidi akikipokea tu ataangalia na kunipigia.

Tukisubiri simu, tukaenda kumpima uzito. Mizani pekee ya maana iliyo karibu ni ya mfanyabiashara wa maharage pale senta, ile ya kukanyaga. Jirani alimbeba mbwa kifuani, amemfunga ndani ya shuka, na mimi nikamfuata nyuma nimebeba begi la dawa. Njiani watu walimsalimia yeye na kumpa pole ya mgonjwa wake. Yeye! Hakuna hata mmoja aliyenipa pole mimi.

Yule mfanyabiashara ni mtu wa utani. Alimpandisha jirani na mbwa wake juu ya mizani, akasoma, akamwambia ampe mtu mwingine mbwa apimwe peke yake ili tutoe hesabu. Mtu mwingine aliyekuwepo ni mimi. Mbwa akanguruma tena. Ikabidi alazwe juu ya gunia, na jirani akapanda mizani peke yake. "Kumbe bibi una kilo za kutosha," mfanyabiashara akasema, "mimi ningekununua kwa gunia." Jirani alicheka, akashuka. Nilipiga hesabu ya uzito wa mbwa, nikakoroga ile dawa ya njano, nikavuta kwenye bomba la sindano kiasi chake. Ndipo simu ikaita.

"Vijidudu wamo," mwenzangu wa Haydom alisema. "Ndani ya chembe nyekundu za damu, wawili wawili, ncha kwa ncha kama mbegu za tikiti. Ni homa ya kupe, ile inayokula damu."

"Asante. Nimeshavuta dawa, nachoma sasa hivi."

"Ngoja kwanza. Wengi wao wamesinyaa. Hawa wameshapata dawa. Umemchoma sindano lini?"

"Sijamchoma."

"Basi kuna aliyemchoma. Kama ni hiyo hiyo ya njano, ukiongeza unamuua. Kama hakuchomwa, na hii ni hali ya kioo tu kilichosafiri vibaya, usipochoma atakufa. Jua kwanza."

Nilikata simu, nikamgeukia. Bomba lilikuwa mkononi.

"Bibi, umemchoma sindano mbwa wangu?"

"Hapana, daktari."

Siku zote aliniita mwanangu, na sasa nimekuwa daktari. Alisimama pembeni ya gunia, viganja vimeshikana mbele, macho yameangalia mizani. Nilikuwa nimeshaona watu wakisimama vile. Huku mtu humpa mwenzake ng'ombe amtunzie: maziwa na samadi ni vya mtunzaji, ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Ng'ombe akifa kwa ugonjwa, mtunzaji analeta ngozi, anaeleza, mambo yanaisha. Lakini ikijulikana alimchoma dawa bila kumwambia mwenyewe, na ng'ombe akafa, kesi inamwangukia, na kesi kama hizo mimi ndiye ninayeitwa kwa mwenyekiti wa kijiji kueleza mnyama alikufa kwa nini. Nimeshawatia watu hatiani kwa maneno yangu, nao walisimama hivyo hivyo, viganja vimeshikana. Kuchoma chuma ni dawa ya wazee, haina kesi. Sindano ina kesi.

Nikaelewa jambo ambalo wivu ulikuwa umenificha. Hakuwahi kudhani mbwa ni wake. Siku zote hizi alijiona amekabidhiwa. Mimi natoka, yeye anatunza, na mwenye mbwa amerudi na sindano mkononi anamuuliza.

Ningeweza kumwambia sitamshitaki. Nilimwambia. "Bibi, sina kesi na wewe, niambie ukweli tu." Akasema, "Sijamchoma, daktari." Nikamwambia kwamba mbwa atakufa. Machozi yakamtoka, na bado akatikisa kichwa. Mtu aliyezoea kuona wenye ng'ombe wakisema sina kesi asubuhi na kwenda kwa mwenyekiti mchana, ataniamini mimi kwa lipi? Mimi niliyekuwa nikimtolea shikamoo kwa meno yaliyoumana?

Kulikuwa na njia moja, na niliijua, na sikuitaka. Mwenye ng'ombe anayemtoa moja kwa moja anamshikisha mwenzake kamba mbele ya shahidi. Baada ya hapo hamwulizi tena lolote, afe au azae. Niliangalia gunia. Mbwa alikuwa amefumba macho, na ulimi umekuwa na rangi ya njano pembeni. Nilifikiria boksi la dawa kule jikoni, na barabara, na vile alivyokuwa akikimbia na masikio yamelala nyuma. Nilikuwa na hasira naye pia, kusema kweli. Kama angebaki kwangu haya yote yasingekuwepo.

Nikafungua mkanda wa ngozi kutoka shingoni mwake, taratibu ili nisiguse vidonda. Nikamwita mfanyabiashara aje karibu asikie. Kisha nikauweka ule mkanda mkononi mwa jirani na kukunja vidole vyake juu yake.

"Huyu mbwa ni wako," nilisema. "Nimekupa. Akifa amekufa mbwa wako, akipona amepona mbwa wako. Mimi sina changu hapa. Sasa niambie kama ninavyomwuliza mwenye mgonjwa: alipata dawa gani?"

Mfanyabiashara hakutania. Jirani aliutazama ule mkanda, halafu akanitazama mimi usoni, kwa mara ya kwanza tangu simu ilipokatwa.

"Ya njano," akasema. "Ya mnadani. Nilimchomea ndama, ikabaki. Juzi jioni nikamchoma yeye." Alinionyesha kwenye bomba langu kwa ukucha wa kidole gumba. "Mpaka hapa."

Ukucha ulikuwa umepita kidogo mstari wa kiasi nilichokivuta. Mpaka leo nasema ilikuwa bahati tu. Dawa ya mnadani ingeweza kuwa kali zaidi, au ungeweza kuwa unga wa mahindi. Lakini alikuwa ameshapata dozi yake na zaidi. Nilisukuma dawa yote ya bomba chini kwenye vumbi, ikatia doa la njano karibu na mizani. Nikaketi juu ya gunia lingine.

Nilimtibu kwa jirani, kwa sababu ndiko kwake. Nilikuwa naenda kabla ya kazi na baada ya kazi, nampa maji ya dripu chini ya ngozi ya mgongo, nampelekea ini la kuchemsha, navisafisha vile vidonda vya shingo. Jioni moja kichwa kilianza kumtetemeka, nikajua ni ile dozi, na hakukuwa na cha kufanya zaidi ya kukaa. Tulikaa wote wawili, yeye amempakata, mimi nimeshika taa ya simu. Tetemeko likapungua, likaisha. Asubuhi iliyofuata alikunywa maziwa ya mgando kutoka kwenye kiganja cha jirani, akamtikisia mkia. Mara moja tu, lakini alitikisa.

Nikichoma sindano yangu ya maji, alinifumbia macho na kugeuza uso. Nilimwona akimlamba jirani vidole kimoja kimoja, na nikatamani abaki mgonjwa kidogo zaidi. Asife, abaki tu hivyo, dhaifu, ili niendelee kuwa na sababu ya kuvuka uzio. Nilitamani hivyo kwa moyo wote, nikiwa nimeshika chupa ya dripu. Alipona haraka.

Mwaka ule ilipofika siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, nilipanga meza yangu kwenye uwanja wa shule. Watu walikuja na mbwa wao wamewafunga kamba za katani, vipande vya nyaya, hata mkanda wa suruali, na mimi tangu asubuhi nilikuwa napaza sauti ile ile: mwenye mbwa amshike mbwa wake. Nilimwona jirani kwenye mstari tangu akiwa mbali. Mbwa alikuwa amenenepa, manyoya yanang'aa. Chini ya taya palikuwa na sehemu mbili zisizoota nywele.

Walipofika mezani mbwa aliona kisanduku cha sindano, akaniona na mimi, akarudi nyuma. Alijikunja akapenyeza kichwa chini ya kwapa la jirani, mwili wote unatetemeka. Nilivuta dawa. Nilijifanya naangalia chupa, maana macho yangu hayakuwa sawa, na nyuma yake watu walikuwa wanasubiri.

Jirani akamkumbatia shingo. Aliinamia sikio lake, na safari hii hakusema kwa kilugha, alisema kwa Kiswahili, labda kwa heshima yangu, ili na mimi nisikie.

"Usiogope, baba," alimwambia. "Huyu ni daktari tu."

Nikachoma, nikaita mbwa anayefuata.